Biogesi ya mabaki ya viwanda vya chakula

Biogesi ni gesi inayotoka pale vijidudu vinapoozesha mabaki ya mimea na wanyama pasipo na hewa. Asilimia 50 hadi 70 yake ni methani, na hiyo ndiyo inayowaka. Inayobaki karibu yote ni kabonidioksidi, pamoja na salfidi hidrojeni kidogo yenye harufu ya yai viza. Hii hula vyuma, kwa hiyo huchujwa kabla gesi haijafika kwenye injini.

Nchini Uganda biogesi inajulikana zaidi kwa samadi ya ng'ombe. Lakini kuna maganda ya matoke, maji machafu ya kumenyea kahawa, damu ya machinjioni, machicha ya pombe, na mabaki ya sangara kwenye viwanda vya minofu kando ya Ziwa Victoria. Yakirundikwa jaani, katikati ya rundo hewa haifiki, methani inatoka vilevile na kupotelea angani. Huko, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Hasara hii inaniuma, maana mita moja ya ujazo ya biogesi hutoa joto karibu sawa na nusu lita ya dizeli, na viwanda vyetu vingi bado vinachoma kuni.

Mtambo wenyewe ni tangi lililozibwa. Kazi ngumu ni kuwalisha wakazi wake. Kundi moja la vijidudu huvunjavunja wanga, protini na mafuta, jingine hugeuza vipande hivyo kuwa asidi, na la mwisho hugeuza asidi kuwa methani. Kundi hili la mwisho huzaana polepole na halivumilii uchachu. Ukimwaga maganda ya nanasi mengi kwa mkupuo, asidi inalizidi nguvu na gesi inakatika. Damu na samaki wana tatizo jingine: nitrojeni yao nyingi huwa amonia, nayo ni sumu kwa vijidudu hivyohivyo. Dawa ni kuchanganya, kaboni iwe mara 20 hadi 30 ya nitrojeni, na kuanza na samadi, ambayo huja na vijidudu vyake, kisha kuongeza taka za kiwanda kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Joto la nyuzi 35 hivi ndilo linalofaa zaidi. Kabale, kwenye baridi ya milimani, kazi huenda taratibu.

Tope linalobaki ni mbolea. Lililotokana na maganda ya matoke lina potasiamu nyingi, kirutubisho ambacho mgomba hukitaka kuliko vingine.