Programu jalizi ya mashine pepe ni nini, na inakuwaje moja ikafaa mifumo yote

Lugha kama Java, Python, Erlang na Smalltalk haziendeshwi moja kwa moja na kichakataji. Katikati kuna mashine pepe: programu inayojifanya kompyuta, yenye amri zake na utaratibu wake wa kutunza kumbukumbu. Ulichoandika hugeuzwa kuwa amri za mashine hiyo, nayo ndiyo inayoshughulika na kompyuta halisi. Ndiyo sababu programu ileile ya Java huendeshwa kwenye Windows, Linux na macOS bila kuguswa.

Siku unapotaka jambo ambalo mashine pepe hailijui, kwa mfano kusoma kifaa kilichochomekwa kwenye USB, kutumia maktaba ya sauti iliyoandikwa kwa C, au kufanya hesabu nzito zinazochelewa mno, ndipo unapohitaji programu jalizi. Ni msimbo uliokwisha kukompailiwa kuwa amri za kichakataji, unaokaa kwenye faili lake, na ambao mashine pepe huupakia unapohitajika. Java ina JNI kwa kazi hii tangu 1997, Erlang ina NIF, na Python ina moduli za C. Majina ni tofauti, wazo ni moja.

Mimi hupenda kulieleza wazo hili kwa kutumia Squeak, Smalltalk iliyotolewa 1996 na kundi lililokuwa Apple, wakiwemo Dan Ingalls na Alan Kay, kwa sababu huko kila kitu kiko wazi ukisome mwenyewe. Ukifungua methodi (kipande cha msimbo chenye jina) inayojumlisha namba kubwa utakuta mstari huu juu kabisa:

<primitive: 'primDigitAdd' module: 'LargeIntegers'>

Maana yake: kabla ya kuendesha mistari iliyo chini, tafuta moduli, yaani programu jalizi, iitwayo LargeIntegers, ndani yake itafute kazi (function) ya primDigitAdd, uiite. Ikifaulu, jibu lake ndilo jibu la methodi. Ikishindwa, au moduli yenyewe isipopatikana, endelea na mistari ya chini. Mistari hiyo ni Smalltalk ya kawaida inayojumlisha tarakimu baada ya tarakimu, polepole lakini kwa usahihi. Huo mpango wa kushindwa bila kuangusha kitu nitaurudia, maana kwangu ndio kiini cha jambo lote.

Je, msimbo wa C unaionaje mashine pepe? Hauioni moja kwa moja. Moduli ikishapakiwa, mashine huita kazi ya setInterpreter na kuikabidhi anwani ya jedwali la kazi: ya kusoma namba iliyo juu ya rundo (mahali mashine inapoweka hoja za kazi), ya kuuliza kama objekti fulani, yaani kitu cha data kilicho kwenye kumbukumbu, ni safu ya baiti, ya kuomba objekti mpya, ya kutangaza kwamba kazi imeshindikana. Programu jalizi hutazama toleo la jedwali hilo, na likiwa la zamani kuliko inavyotarajia hukataa kupakiwa. Hilo jedwali ndilo mkataba. Watunzaji wa mashine wakipangua kumbukumbu yake yote na kuipanga upya, programu jalizi iliyoheshimu mkataba haina haja ya kuandikwa upya. Iliyochungulia ndani ya objekti kwa mlango wa nyuma itavunjika, na mara nyingi itavunjika kimyakimya.

Kuna mtego mmoja humu unaowanasa hata wazoefu. Mkusanya taka wa mashine pepe, yaani sehemu inayofuta objekti zisizotumika tena, huweza kuhamisha objekti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Tuseme umeshika anwani ya safu ya baiti, kisha ukaomba mfuatano mpya wa herufi. Katika Squeak ya mwanzo ombi hilo lingeweza kuamsha usafi papo hapo, safu yako ikahama, na wewe ukaendelea kuandika kwenye anwani ambayo sasa ni ya objekti nyingine. Programu haianguki hapo. Inaanguka dakika kumi baadaye, mahali pasipohusiana kabisa. Dawa ilikuwa kuikabidhi objekti kwa mashine kabla ya kuomba nyingine, kisha kuichukua tena kwa anwani yake mpya.

Sasa suala la mifumo mingi. Tofauti ya majina ya faili, yaani .dll kwenye Windows, .so kwenye Linux na .dylib kwenye macOS, haikupi shida, kwa sababu mashine pepe huongeza kiambishi hicho yenyewe. Kazi kubwa iko ndani ya msimbo.

Chukua programu jalizi inayotaja nafasi ndani ya faili. Umeiandika kwenye Linux ya biti 64 kwa kazi ya kawaida ya C iitwayo ftell, ambayo jibu lake ni la aina ya namba kamili iitwayo long. Umeijaribu kwa faili la gigabaiti 5, imekubali. Ukiikompaili kwenye Windows ya biti 64, kompaila haitalalamika, lakini huko long ni biti 32 tu, haivuki 2,147,483,647. Faili lilelile sasa linakupa jibu la makosa. Hakuna mstari uliobadilika. Kilichobadilika ni maana ya neno moja. Kwa hiyo kwenye mpaka kati ya lugha na C usitumie long kamwe, tumia aina zinazotaja ukubwa wake wazi, kama int64_t.

Watu wa Squeak walilitatua hili kwa kugawa msimbo. Sehemu inayopokea hoja, kuzikagua na kurudisha jibu huandikwa mara moja tu, kwa Slang, ambayo ni Smalltalk iliyopunguzwa inayotafsiriwa kuwa C. Kwenye hazina ya msimbo wao, saraka ya Cross hubeba C isiyojali mfumo, na pembeni yake kuna saraka za unix, win32 na Mac OS, kila moja ikiwa na vipande vifupi vinavyoongea na mfumo husika. Uso mmoja, migongo kadhaa. Programu jalizi ya mafaili ina faili moja la vichwa linalotangaza kazi zinazotakiwa, na kila mfumo unazitimiza kwa njia yake. Ukiona msimbo wa pamoja umejaa masharti ya #ifdef (yanayochagua mistari ya C kulingana na mfumo) kila mistari mitano, ujue mgawanyo huo haukufanywa mapema.

Hata hivyo, chanzo kimoja hakitoi faili moja. Bado utakompaili kwa kila mfumo na kila kichakataji, Intel na ARM kando kando, na kwenye Linux utakompaili juu ya toleo la zamani la glibc, maktaba ya msingi ya C, kwa sababu kilichojengwa juu ya toleo jipya mara nyingi hukataa kuanza kwenye la zamani.

Hapo ndipo ile mistari ya Smalltalk iliyo chini ya mstari wa primitive inapolipa. Mimi huanza nayo: naandika kazi nzima kwa Smalltalk kwanza, naiandikia majaribio, ndipo naandika C. Kisha naondoa faili la programu jalizi kwenye saraka yake na kuendesha majaribio yaleyale. Yakipita yote, hata kama yamechukua muda mara ishirini, mtu mwenye kichakataji ambacho sikuwahi kukikompailia atapata programu inayofanya kazi. Bila shaka hili haliwezekani kwa kifaa cha USB, ambacho Smalltalk peke yake haiwezi kukigusa. Kwa hicho, mistari ya chini hutoa kosa linalotaja jina la moduli iliyokosekana, ili mtumiaji ajue ni faili gani la kutafuta.