Nanomita si unene wa simu

Juzi kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, kijana mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake simu mpya. "Hii nanomita nne kaka, ndiyo maana nyembamba." Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Kauli hiyo nimeisikia madukani Makoroboi pia, tena kwa wauzaji wenyewe.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo simu ya nanomita nne usingeiona, achilia mbali kuishika.

"Nano" imetoka kwenye neno la Kigiriki nanos, yaani kibeti. Haina undugu na nane, ingawa nimeshabishiwa hilo na mtu mwenye digrii. Iliingia rasmi kwenye vipimo vya kimataifa mwaka 1960. Kabla ya hapo watu wa maabara walisema milimikroni, na nashukuru hilo halikuwahi kufika Makoroboi.

Sasa hiyo nne inapima nini? Hapa ndipo panaponikera. Inahusu prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa simu, na ndani yake kuna transista, swichi ndogo za umeme. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa nazo 2,300 na ilitengenezwa kwa kipimo cha nanomita 10,000. Enzi hizo namba ilikuwa kipimo kweli: kuna kitu kwenye chipu ungekikuta na ukubwa huo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 namba na kipimo vikaanza kuachana. Leo "nanomita 3" ni jina la kizazi cha utengenezaji tu. Kutoka lango la transista moja, sehemu inayoiwasha na kuizima, hadi la jirani yake ni zaidi ya nanomita 40. Ni kama yule jamaa wa mtaani aliyeitwa Kafupi tangu darasa la kwanza, na sasa anainama kupita mlangoni.

Transista zimepungua kweli, sibishi. Ila nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba uchukue beseni. Sato kumi wanalijaza. Dagaa huwezi hata kuwahesabu, na beseni ni lile lile. Chipu nayo ni hivyo hivyo: prosesa ya A17 Pro ya iPhone ya mwaka 2023 ina transista bilioni 19, na kila moja inakula umeme kidogo mno, ndiyo maana simu inafanya kazi za kompyuta bila feni. Nafasi iliyookolewa haikurudishwa kwako. Ukubwa wa simu unaamuliwa na kioo na betri, na hivyo viwili vimezidi kupanuka.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kivukoni, sema "prosesa yake ni ya kizazi cha nanomita nne", utakuwa umesema sawa. Wembamba uache kando. Kitochi changu kina chipu ya kizazi cha zamani na kinaingia mfuko wa shati. Hiyo yako uliishika mkononi njia nzima.