Mfereji unabeba taa, haupozi taa: ninavyounda taa za LED za kusogezeka kwa profaili za alumini

Taa ya kwanza niliyounda kwa profaili za alumini, yaani vile vipande virefu vya fremu vyenye mifereji ubavuni, ilidumu kama miezi miwili hivi, afu stripu ya LED, ule utepe wenye taa ndogondogo, ikaanza kubanduka yenyewe, inaning'inia kama gamba la nyoka, na LED kadhaa za katikati zishageuka rangi. Nikalaumu gundi. Nikabandika stripu nyingine yenye gundi ya maana, ikabanduka tena. Ndo nikachukua kalipa, kile kipimo cha milimita, nikapima, nikajicheka mwenyewe.

Profaili ya 2020, yaani ile ya milimita 20 kwa 20, kila upande ina mfereji wa milimita 6 katikati. Stripu yangu ilikuwa na upana wa milimita 10. Piga hesabu: milimita 6 ziko hewani, imebaki milimita 2 kulia na 2 kushoto, na LED zenyewe zimekaa wapi? Katikati, juu ya shimo. Pale penye moto ndo hapana alumini. Watu wanasema alumini inapoza, na kweli inapitisha joto vizuri sana, ila lazima iguswe bana, haipozi kwa kutazamana. Stripu za kawaida zaidi ya nusu ya umeme zinaokula unaishia kuwa joto, na joto lisipopata pa kwenda linarudi kwenye LED na kwenye gundi.

Kwa hiyo siku hizi mfereji naupa kazi moja tu, kushika na kutelezesha. Kupoza naiachia flatibaa, yaani ubapa wa alumini wa milimita 40 kwa 3. Natoboa matundu ya bolti kwenye nusu moja ya upana, hiyo nusu inalala juu ya profaili, ile nusu nyingine inachomoza nje na ndo nabandikia stripu, baada ya kuifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapo stripu inalala yote kwenye alumini na hewa inapita nyuma yake. Washa nusu saa afu weka kidole nyuma ya flatibaa, ukishindwa kukiacha sekunde tano ujue umekaribia nyuzi 60, punguza wati au ongeza alumini.

Sasa nati. Kwa 2020 mimi natumia nati za T za M5 (za bolti ya unene wa milimita 5), zile za kichwa cha nyundo ambazo unazitumbukiza popote kwenye mfereji, ukikaza bolti zinajigeuza robo mzunguko na kung'ang'ania kingo kwa ndani. Raha yake ni kwamba huhitaji kufungua fremu nzima ukitaka kuongeza kitu. Tabu yake ni kwamba saa nyingine haijigeuzi, inabana kidogo tu, unaondoka unajua imekaza kumbe imejiegesha, so kabla sijakaza kabisa nachungulia pembeni ya flatibaa kuona nati imekaa kwa upana au bado imelala sambamba na mfereji. Na kuna kosa limenipotezea jioni nzima: bolti ndefu. Inafika chini ya mfereji kabla haijabana, alenki, ile spana ya pembe sita, inagoma kuzunguka unajisemea safi, afu ukishika flatibaa inacheza. Kwa flatibaa ya milimita 3 na wosha, bolti ya M5 ya milimita 8 inatosha, ukiweka ya 12 umejitafutia.

Mkono, ule unaotoka kwenye nguzo na kubeba kichwa cha taa, ndo sehemu watu wanaidharau. Kichwa cha taa cha gramu 700 kikikaa sentimita 50 kutoka kwenye kiungo kinavuta kama niuton-mita 3.4, na hapo hujahesabu uzito wa mkono wenyewe, alafu unategemea kibawaba kidogo cha plastiki kishike kwa msuguano! Kitashika wiki ya kwanza, baadae unaanza kuikuta taa asubuhi imeinama kama imefiwa. Dawa yake si kukaza zaidi, ni kurefusha mkono upite nyuma ya nguzo na kufunga kipande cha chuma huko nyuma kwa nati hizohizo za T, unakitelezesha mbele na nyuma mpaka mkono ukae wenyewe bila kukazwa, afu ndo unakaza. Wengine wanaweka pawa saplai, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo, iwe ndo uzito wa huko nyuma. Mimi sipendi umeme wa ukutani utembee kwenye mkono unaosogezwa kila siku, saplai yangu inakaa chini kwenye kitako.

Na saplai iwe ya volti 24, pamoja na stripu yake, kama unaweza. Stripu ya wati 72 inakula ampea 6 kwenye volti 12, lakini ampea 3 tu kwenye 24. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye mita 3 kwenda na 3 kurudi, kwa volti 12 unapoteza karibu volti 0.8 njiani, stripu unaiona kabisa imefifia, kwa 24 unapoteza 0.4 na jicho halijui. Saplai yenyewe usiibebeshe zaidi ya asilimia 80 hivi. Ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni lazima ukitumia saplai ya mwili wa chuma, na hapa kuna mtego: profaili nyingi zimepakwa oksaidi na hiyo oksaidi haipitishi umeme, ukifunga waya wa ethi juu juu tu umefunga pambo. Kwangura mpaka alumini ing'ae, weka wosha ya meno, afu pima kwa mita kila kipande cha fremu, maana vipande viwili vilivyobanana haimaanishi vinapitishiana umeme.

Waya mwingine wote wa volti 24 unapita ndani ya mfereji na kufunikwa na kifuniko chake cha plastiki, inapendeza. Ila kwenye kila kiungo acha kitanzi cha ukubwa wa ngumi, taa yangu moja nilivuta waya ukanyooka vizuri kama wa dukani, mara ya kwanza nilipoinua mkono mpaka juu ukachomoka kwenye risasi ya kulehemu na kuondoka na kipande cha kopa ya stripu.