Dawa ya kulegeza misuli huondolewaje baada ya upasuaji wa jicho?

Si huwa wanachoma ganzi tu?
Kwa mtoto wa jicho, wengi huchomwa ganzi na hawalazwi usingizi. Nusu kaputi ni ya watoto, wasioweza kutulia, na waliochanika jicho kwa ajali.

Nikishalala, ya nini tena kulegezwa misuli?
Aliyelala bado anaweza kukohoa kwa sababu ya mpira wa kupumulia ulio kooni. Kikohozi hupandisha presha ya jicho, na jicho lililo wazi linaweza kutoa nje vilivyo ndani. Ndiyo maana hupewa dawa kama rokuroniamu au atrakuriamu. Misuli ya kupumua nayo hulegea, kwa hiyo mashine hukupumulia.

Nguvu hurudishwaje?
Dawa ya zamani ni neostigmini. Yenyewe haiigusi ile ya kulegeza. Huongeza asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli kukaza, pale neva inapokutana na msuli, mpaka ile nyingine inazidiwa. Hupunguza mapigo ya moyo, hivyo huchanganywa na atropini. Udhaifu wake ni huu: misuli ikiwa bado imelegea kabisa, haifui dafu. Ni lazima kusubiri nguvu zianze kurudi zenyewe, wakati daktari wa macho anataka utulie hadi mshono wa mwisho.

Hapo ndipo sugamadeksi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani 2015, inapofaa. Huinasa rokuroniamu yenyewe, kisha figo huitoa kwa mkojo. Dakika chache tu, hata kama misuli ilikuwa imelegea sana. Kwa atrakuriamu haisaidii kitu, na bei yake ni kubwa. Kwa maoni yangu, isipokuwepo, neostigmini na subira vinatosha, mradi kipimo kifanyike.

Kipimo gani?
Kifaa hushtua neva ya mkono mara nne. Mtikisiko wa nne ufikie angalau asilimia 90 ya wa kwanza. Kumwambia mgonjwa ainue kichwa hakutoshi, na aliyetoka kushonwa jicho hatakiwi kujikaza hivyo. Masalia ya dawa huweza kumfanya mtu aone viwiliviwili au ashindwe kumeza vizuri. Kwa mgonjwa wa jicho, hilo la kwanza ni rahisi kudhaniwa limetokana na upasuaji.

Kuna la kuangalia nyumbani?
Ukipewa sugamadeksi nawe unatumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, ongeza kondomu kwa siku 7. Uliza ulipewa dawa gani kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.