Sindano ya msuli si sindano ya makalio

Sindano ya msuli ni ile ambayo dawa yake huingizwa ndani ya msuli wenyewe, chini ya ngozi na chini ya tabaka la mafuta, mahali penye damu nyingi ya kuichukua na kuisambaza mwilini. Maana yake ni hiyo tu, na ingetosha kama watu wengi, wakiwemo baadhi ya wachomaji, wasingekuwa na mazoea ya kuiita "sindano ya makalio", kana kwamba majina hayo mawili ni kitu kimoja.

Jina la kwanza linataja tabaka ambamo dawa inapaswa kufika, na la pili linataja mahali ngozi inapotobolewa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa mfano, ipo ya miligramu 150 inayochomwa kwenye msuli na ipo ya miligramu 104 inayochomwa chini ya ngozi. Kinachozitenganisha si upande wa mwili bali kina. Vivyo hivyo, mtu anaweza kuchomwa makalioni na dawa isiguse msuli kabisa, kwa sababu mafuta hujilimbikiza sana hapo na sindano fupi huishia katikati yake. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya kichaa cha mbwa hazichomwi makalioni kwa sababu hiyohiyo: kinga inayopatikana hapo huwa hafifu, kwa hiyo mtu mzima huchomwa begani na mtoto mchanga huchomwa pajani, upande wa nje.

Jambo la pili ni zito zaidi. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote za mwili, hupita makalioni ikielekea mguuni. Anayechoma hapo hufundishwa kuligawa kalio katika robo nne na kutumia robo ya juu ya nje peke yake, lakini mistari hiyo ni ya kufikirika tu, na hupotea kirahisi mgonjwa akiwa ameshusha nguo nusu. Kwa mtoto mdogo, ambaye makalio yake hayajajaa nyama, neva hiyo iko karibu mno. Wako watoto waliochomwa kwinini makalioni kutibiwa malaria wakabaki na unyayo usioweza kuinuka.

Ndiyo maana mafunzo mengi ya uuguzi siku hizi yanapendelea ubavu wa nyonga. Muuguzi huweka kiganja juu ya kifundo cha mfupa wa paja kinachogusika upande wa nje wa nyonga, huelekeza kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, hutanua kidole cha kati kuelekea nyuma kufuata ukingo wa mfupa huo, kisha huchoma katikati ya pembe iliyo baina ya vidole viwili. Msuli wa hapo ni mnene, na neva kubwa na mishipa mikubwa ya damu iko mbali. Begani hupimwa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa ncha ya bega, na kwa kuwa msuli huo ni mdogo, kwa kawaida haupewi zaidi ya mililita moja. Kuchoma juu zaidi ya hapo kunaweza kuumiza kiungo chenyewe.

Mengine ni utaratibu unaojulikana: kuhakiki jina la mgonjwa, dawa na kipimo, kunawa mikono, kuiacha spiriti ikauke, kuingiza sindano wima kwa nyuzi 90, kusukuma dawa polepole, na kuitupa sindano moja kwa moja kwenye sanduku la usalama bila kuirudishia kifuniko. Kuvuta bomba nyuma kidogo ili kuona kama damu inaingia hakuhitajiki tena kwa chanjo, ila kungali na maana kwa dawa kama penisilini ya benzathini, ambayo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo, na zaidi pale anayechoma anapolazimika kutumia makalio.

Kwa hiyo muuguzi anayeomba bega, paja au nyonga wakati mgonjwa ameshajiandaa kulala kifudifudi hajakosea cheti. Na mgonjwa anayeulizwa alichomwa nini mara ya mwisho angefanya vyema kutaja mambo mawili badala ya moja, yaani kwamba ilikuwa sindano ya msuli, na kwamba ilichomwa nyongani, upande wa kushoto au wa kulia, kwa sababu dozi inayofuata mara nyingi huchomwa upande wa pili.