Mfungamano wa kihisia: mtoto wa kiume, mamake na babake

Mfungamano wa kihisia ni kile kinachomfanya mtoto, akiogopa, akiumia au akichoka, amtake mtu fulani na asikubali kwa urahisi kubembelezwa na mwingine. Nadharia hii ilijengwa na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake juu ya watoto waliokosa malezi ya mama. Zama hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa tu.

Nenda bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, jioni uangalie. Kijana wa miaka miwili anaukimbilia mbuyu, anasimama katikati ya njia, anageuka kuhakikisha mamake yuko pale pale na mihogo yake, kisha anaendelea. Akianguka anarudi mbio akilia, anafutwa machozi, na punde si punde ameshaondoka tena. Wapitao watasema anadeka. Hadeki hata kidogo! Anathubutu kwenda mbali kwa kuwa ana pa kurudi.

Mwenendo huu mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuchunguza hapa jirani, Uganda, kabla ya kuupima kwa majaribio yake mashuhuri kule Marekani. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Watoto wa mama waliowajua vyema wana wao na kuwaitikia upesi hawakuwa walizi. Walitulia, wakatambaa huku na huko wakichokora vitu. Kwa hiyo lile onyo la mashangazi, kwamba ukimbeba sana atakuwa laini, halina msingi. Wala mtoto wa kiume hahitaji kubembelezwa kidogo kuliko dadake, hata kama mwana wa miaka mitatu huambiwa "jikaze, wewe mwanamume."

Na baba? Utafiti wa Rudolph Schaffer na Peggy Emerson mjini Glasgow, uliochapishwa 1964, ulionyesha kwamba wengi wa watoto wa mwaka mmoja na nusu walikuwa wamefungamana na baba pia, hata kama si yeye aliyewalisha. Kilichowavuta ni mtu anayewaitikia na kucheza nao. Baba wa zamu za usiku bandarini Kilindini anaweza kumwogesha mwanawe asubuhi, au kumpeleka chuo cha Kurani kwa mguu wakipiga soga. Mshahara mtoto haujui.

(Daktari Sigmund Freud wa Austria alidai kwamba mvulana wa miaka mitatu hadi sita humwonea babake wivu juu ya mama. Watafiti wengi wa leo hawaikubali hoja hiyo.)

Kazi ipo kwa baba aliye kazini Ghuba, Uarabuni. Akirudi baada ya mwaka, mwanawe hujificha nyuma ya buibui la mama, na wakubwa humsukuma: "Nenda kwa babako!" Asisukumwe. Baba akae chini mkekani, atoe mpira, acheze hata peke yake, amwache mtoto asogee kwa wakati wake.