"Kubali Yaishe" Ndiyo Inayowafunga

Jumanne iliyopita mama mmoja anayeuza sukuma wiki Kaptembwo alinijia ofisini na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya mashtaka ya mwanawe, kijana wa miaka 22. Kabla sijaifungua akaniambia, "Wakili, kesi yenyewe ilishaisha. Alikubali. Nimekuja unisaidie tu apewe faini ninayoweza kuimudu."

"Nani alimwambia akubali, mama?"

Wenzake wa seli, akasema. Na jirani aliyewahi kushtakiwa. Na ofisa mmoja aliyemweleza kwamba hilo ni kosa la kwanza, hakimu atamwonea huruma. Akubali yaishe.

Nimefanya kesi za jinai hapa Nakuru miaka 14, na maneno hayo mawili nimeyasikia kwa lafudhi za kila kabila linaloishi mji huu. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja, tena maji yakiwa yameshamwagika. Nayajibu hapa. (Mambo madogo ya kesi hii nimeyabadilisha ili kumlinda kijana.)

Hati ilikuwa na mashtaka mawili. La kwanza wizi wa simu, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Chini yake shtaka mbadala, yaani la kushikiliwa ikiwa la kwanza halitathibitika: kushika mali ya wizi, kifungu cha 322. Kijana alikana la juu, akakubali la chini, kwa sababu aliambiwa la chini ndilo dogo. Basi tuisome sheria yenyewe. Wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 3. Kushika mali ya wizi, hali ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa, kunaweza kukupeleka ndani hadi miaka 14. Sitaki kumtisha mtu: sijawahi kuona hakimu akimpa kijana wa simu moja miaka 14. Lakini aliyemwambia akubali "lile dogo" hakuwa amesoma, na aliyeambiwa ndiye atakayelala gerezani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni lugha.

Kwa Kiingereza mshtakiwa huulizwa kama ana hatia au hana. Kizimbani, karani anapotafsiri, swali hugeuka kuwa fupi mno: "Ni kweli ama si kweli?" Hapo ndipo watu wetu wanapoteleza. Kwa Mswahili yeyote, na kwa yeyote aliyelelewa vizuri, swali hilo linampima kama yeye ni mwongo. Mtu aliyempiga jirani yake atasemaje "si kweli" na kijiji kizima kilimwona? Nimekuwa na wateja waumini wakubwa, mmoja mzee wa kanisa, walioniambia wazi: "Wakili, siwezi kudanganya mbele ya hakimu na mbele ya Mungu." Niliwaheshimu. Ila hakuna aliyewataka wadanganye.

Shtaka si habari ya tukio. Shtaka ni kifurushi. Ndani yake mna kitendo, mna nia, mna ufahamu, na mna kukosa sababu halali. Ukisema "ni kweli" umekibeba kifurushi chote, hata vile vitu ambavyo hukuviona ndani. Ukisema "si kweli" unasema hivi: kifurushi hiki chote si changu, Jamhuri na ilete mashahidi ithibitishe. Huo si uongo. Ni Katiba, Ibara ya 50, inayosema wewe huna hatia hadi ithibitishwe vingine. Na ukishindwa kabisa kuyatamka maneno hayo, nyamaza. Mshtakiwa akikataa kujibu, sheria inaiagiza korti iandike kwamba amekana.

Kwa hiyo mimi husikiliza neno moja tu: "lakini".

"Ni kweli nilimkata, lakini alinijia na panga." Hapo kuna kujitetea. "Ni kweli niliichukua baiskeli, lakini ana deni langu na tulikubaliana ningeichukua." Hapo kuna mtu anayeamini kwa dhati kwamba kitu ni chake, na kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda anayeamini hivyo bila nia ya kulaghai. "Ni kweli simu ilikuwa mfukoni mwangu, lakini niliinunua." Hapo hakuna kujua kwamba ni ya wizi. Kila "lakini" ya aina hii ni utetezi, na sheria inasema jibu la namna hiyo liandikwe kuwa la kukana. Hili halina mjadala tangu 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya kesi. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua, na akipinga, kukubali kwake kufutwe. Ni baada ya hayo yote ndipo anaweza kutiwa hatiani.

Ukiwa kizimbani, kumbuka hatua ya maelezo. Ni mlango wa pili, na wengi hawajui upo. Umeshasema "ni kweli", sasa wanakusomea kwamba mnamo tarehe fulani ulivunja mlango ukaingia. Hukuvunja mlango wowote, ulikuta umefunguliwa. Sema hapo hapo. Usingoje kuulizwa kama una la kusema kabla ya hukumu, kwa kuwa huko "lakini" yako itasikika kama ombi la huruma.

Asubuhi ya kusomewa mashtaka mambo huenda kasi. Foleni ni ndefu, karani amechoka, mshtakiwa alilala sakafuni. Niliwahi kukaa kwenye benchi la mawakili nikisubiri kesi yangu, akaletwa mzee kutoka pande za Kuresoi. Alisomewa kwa Kiswahili. Alijibu "eee". Akaulizwa tena, akajibu "eee" na kutikisa kichwa, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilisimama nikaomba aulizwe kwa Kipsigis. Alipoulizwa aliongea karibu dakika tatu, na alichokuwa akisema ni kwamba ng'ombe wale ni wake. Wizi wa mifugo ni hadi miaka 14. "Eee" yake ilikuwa ya heshima, jinsi mzee anavyoonyesha kwamba anakusikia. Mkalimani ni haki yake, bila malipo.

Sasa, watu huniambia, "Wakili, akikubali na mambo yaharibike si tutakata rufaa?" Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema aliyekubali kosa katika korti ya hakimu na akahukumiwa kwa kukubali huko hana rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama Kuu husikiliza hoja kwamba kukubali kwenyewe hakukuwa wazi, na nimeshinda baadhi. Kufika huko ni safari, na muda wa kukata rufaa ni siku 14. Kisha kuna rekodi. Kijana akiomba cheti cha tabia njema ili apate kazi ya ulinzi au aende Ghuba, "kubali yaishe" inamsubiri pale.

Mengine nitayapitia haraka. Polisi wanapaswa kukufikisha kortini ndani ya saa 24. Zikiishia wikendi, ni siku ya korti inayofuata, ndiyo maana wanaokamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu. Bondi ya polisi haina malipo. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, maana pesa hizo hurudishwa. Maungamo uliyoyatoa kwa mpelelezi wa kesi yako kwenye kiti cha ofisi yake hayatumiki kama ushahidi dhidi yako. Na mlalamishi "hafuti" kesi peke yake bila ruhusa ya korti. Kesi ni ya Jamhuri, na za unajisi wa watoto haziishii sebuleni kwa wazee hata mbuzi wawe wangapi.

Na wakili wa serikali je? Hapa kuna imani mbili, na zote hazijakaa sawa. Wengine hudhani kila mshtakiwa hupewa. Wengine hudhani hakuna kitu kama hicho. Ibara ya 50 inasema utapewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila yeye kutatokea dhuluma kubwa, na kwamba uambiwe haki hiyo mapema. Mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki hii haiji yenyewe kwa kila mtu: korti hutazama uzito wa shtaka na adhabu yake, ugumu wa kesi, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kama anajua kusoma. Kwenye mauaji, Mahakama Kuu humpa wakili mshtakiwa asiyeweza kulipa. Kwingine inabidi uombe, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili hiyo. Omba kwa sauti, uhakikishe hakimu ameandika kwamba umeomba.

Nisifiche ninachokiona. Wizi wa mabavu hubeba adhabu ya kifo na husikizwa na hakimu, na nimewaona watu wakijitetea wenyewe katika kesi hizo, wakimhoji shahidi kwa kumuuliza, "Kwa nini unasema uongo?" kisha wanakaa. Haki iliyoandikwa ni nzuri. Mawakili wa kuitekeleza hawatoshi, na sisi tunaopewa kesi hizo tunalipwa kidogo na kucheleweshewa, na wapo wanaozifanya kwa mkono wa kushoto. Ukiletewa wakili wa serikali, zungumza naye kabla ya siku ya kesi. Asipokutafuta, mtafute.

Uwe mwangalifu pia na yule kijana mwenye tai anayezunguka nje ya geti la korti akisema "ataongea na hakimu". Chama cha Mawakili kina ukurasa wa kutafuta jina la wakili na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri fundi wa viatu akane wizi mdogo. Ushahidi ulikuwa hafifu, na nilijua hivyo. Dhamana alipewa, lakini shilingi 20,000 hakuwa nazo wala ndugu mwenye hati ya shamba. Alikaa rumande miezi tisa mashahidi wakikosa kuja, mwishowe akaachiliwa. Alipotoka, kibanda chake kilikuwa kimevunjwa na mkewe amerudi kwao. Angekubali siku ya kwanza, huenda angepewa huduma kwa jamii akafagia ofisi ya chifu wiki kadhaa na kurudi kwenye viatu vyake. Hadi leo sina hakika kwamba nilimshauri vyema. Siku hizi, kabla ya kumwambia mtu akane, humuuliza kwanza nani atamlipia dhamana, na nikiona hakuna, hupigania masharti ya bondi kwa nguvu ile ile ninayopigania kesi. Na kwa aliyefanya kosa kweli, kifurushi chote, bila "lakini" yoyote, kukubali ni njia halali. Kuna hata makubaliano ya kukiri yanayoandikwa na kutiwa sahihi na kiongozi wa mashtaka. Lakini hayo hufanywa baada ya kusoma taarifa za mashahidi, mezani na wakili. Seli saa kumi na moja alfajiri si mahali pake.

Kwa hiyo ukifikishwa kizimbani bila wakili: sema si kweli, omba dhamana, omba nakala za taarifa za mashahidi, omba lugha yako, omba muda wa kutafuta wakili. Hayo yote yamo kwenye Katiba na hakuna hakimu atakayekuchukia kwa kuyataja.

Nirudi kwa yule mama. Mwanawe hajahukumiwa bado. Korti inangoja ripoti ya afisa wa probesheni, na kabla ya adhabu kutamkwa mshtakiwa anaweza kuomba abadilishe jibu lake. Korti ina hiari ya kukubali au kukataa. Nimeandika ombi. Nilipomtembelea rumande nikamuuliza alisema nini hasa kizimbani, alinijibu, "Nilisema ni kweli ninayo, lakini nilinunua. Wakaandika ni kweli."

"Ulinunua na pesa taslimu?"

"Hapana, M-Pesa."

Nilimpigia mama yake nikiwa bado kwenye maegesho ya gereza. Alitafuta simu ya zamani ya kijana, yenye kioo kilichopasuka, akaichaji kwa jirani, akanijia nayo jioni. Ujumbe ulikuwa bado upo: shilingi 4,500, jina la muuzaji, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Nimeshamwelekeza aombe taarifa rasmi ya akaunti, maana picha ya kioo pekee itapingwa. Tunasikizwa Alhamisi.